Kasuku Aliyejifunza Shikamoo

Beno mdogo wangu,

Habari za Tanga? Nimefika Songea salama, ila moyo bado unanidunda. Jana asubuhi, kwa baridi hii ya Juni, nilikuwa naota moto na Mama jikoni kwake Bombambili. Mara sauti ya kiume ikasema nyuma yangu, "Shikamoo, Mama." Nikageuka, hamna mtu! Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Sauti ikaendelea: "Kunywa dawa ya presha." Uji wote ukanimwagikia miguuni. Nilidhani mzimu!

Kumbe ni kazi ya jirani, fundi redio. Alipata mitumbani kasuku wa plastiki, wale wanaorudia maneno, akamuunganisha na saa ya dijitali na kumtia sauti yake. Tangu apofuke, Mama alikuwa hajui saa za dawa. Fundi anasema mwanzoni kasuku aliamrisha tu, "Kunywa dawa," Mama akagoma. "Siamrishwi na mtu asiyeniamkia!" Siku ya tatu bila dawa, Mama akaanguka mlangoni. Ndipo fundi akaongeza shikamoo, na kimya kidogo ili aitikie. Sasa hakosi hata kidonge.

Nikamuuliza, "Mama, si unajua hiyo ni mashine?"

"Najua. Lakini inaniamkia kila siku."

Beno, nilikosa pa kuuweka uso. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu bila kuja, na wewe huu ni mwaka wa tano. Wanao nawapenda sana. Walete Krismasi, wamwamkie bibi yao kwa midomo yao.

Dada yako,
Yustina