Mwalimu wa Mume Wangu

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu amerudi kutoka darasani. Darasa la wanaume wanaopiga wake zao — mahakama ndiyo iliyompeleka, baada ya kunivunja mkono. Nilidhani atarudi amenuna. Wapi! Amevua viatu mlangoni, ameosha vyombo. Halafu akaanza: Mwalimu kasema hasira si shetani, mtu anachagua wa kumpiga, la sivyo mbona bosi hapigwi? Mwalimu kasema mke si mali. Mwalimu hivi, Mwalimu vile.

Mke si mali nimemwambia tangu tuoane. Kwa mdomo huu huu! Nikaambulia makofi. Leo ameambiwa na mwanamke mwenye kalamu ya ubao, anaona jambo jipya.

Naona wivu. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi
Dada wa simu amepiga. Anafanya kazi na Mwalimu, ila upande wetu sisi wake zao: kila Alhamisi, mume akiwa kazini, ananiuliza kama nyumbani kuna mabadiliko ya kweli. Mume hajui. Na asijue — hilo alilisisitiza tangu siku ya kwanza, kwa usalama wangu.

Nikasema wiki hii hajanigusa, hajanitukana. Akafurahi! Eti na Mwalimu atafurahi sana. Mdomo ukaniwasha nimzulie mume kofi moja tu, la kumharibia Mwalimu sherehe. Nikajizuia. Mchana kutwa nimeshona sare za shule kwa hasira, shati moja nimelitia mikono miwili ya kulia.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwona! Sokoni, kwenye vitambaa. Mume ndiye aliyenionyesha, kwa kidevu, kwa heshima zote. Nilitegemea mrembo. Kumbe mama wa makamo, mfupi, viatu vimelika upande, anabishana bei kama sisi.

Afadhali angekuwa mrembo, ningeelewa. Huyu hana kitu nisichokuwa nacho mimi, isipokuwa kusikilizwa.

Alimpungia mkono mume wangu. Mume akasimama wima, karibu apige saluti!

Jumanne, 11 Machi
Amesifiwa mbele ya wenzake. Anatamba huku anaosha vyombo: Mwalimu kasema nimepiga hatua, kasema moyo ninao, nilikosa tu mtu wa kunielekeza.

Nilikosa mtu! Na mimi nilikuwa nani, pazia?

Ikanipasuka. "Huyo Mwalimu wako habari zako anazipata kwangu! Mimi ndiye ninayepigiwa simu! Nikitamka neno moja tu, utajua kama umepiga hatua!"

Nilijisikia mkubwa. Kidogo tu.

Hakufoka. Alikausha mikono, akatundika kitambaa vizuri, akauliza kwa sauti ya darasani: "Wanakupigia siku gani, mke wangu?"

Jumatano, 12 Machi
Nilidanganya. Nilisema Jumatatu. Hakubisha. Asubuhi kanipikia chai, kaomba simu yangu atazame kwa nini chaji inaisha haraka. Alikaa nayo sana. Dada wa simu nimemwandika "Vifungo Jumla". Aliponirudishia aliuliza tu: huyu wa vifungo, mbona anapiga Alhamisi peke yake?

Nikasema ndiyo siku mzigo unaingia. Akacheka. Zamani angenirukia, na ningejua nikimbilie wapi. Huu upole amefundishwa na yule mama, na mimi ndiye ninayeishi nao. Hata hofu yangu ina wivu ndani yake, jamani.

Nikataka kumwonya dada wa simu, lakini namba yake siijui kwa kichwa. Na kwenye simu mume ameshaifuta.

Alhamisi, 13 Machi
Hajaenda kazini. Eti mafriji ya watu yatasubiri kutengenezwa. Amevuta kiti karibu na cherehani yangu, simu ameiweka kwenye goti lake. "Ikiita, pokea hapahapa. Weka spika. Mimi nitasikiliza tu — si ndivyo mnavyotaka, nisikilize?"

Nikasema nakwenda chooni. Naandika humu, komeo nimefunga. Nawaza Mwalimu angefanya nini, na inaniuma kwamba ninamuwaza yeye. Aje tu. Sifa zote achukue, hatua zote ziwe zake, mradi aje!

Inaita.

Imekatika. Inaita tena. Sasa yuko mlangoni, inaita mkononi mwake. Hagongi. Anaongea polepole, neno kwa neno: "Mke wangu, simu yako hii. Usiwe na haraka. Mimi sina hasira."