Sodiamu Haitoi kwa Kupenda

Kuching, 12 Juni 1994

Dada Jamayah,

Salamu tele kutoka bwenini. Mimi mzima, ila tumbo linaukumbuka uji wako wa sago. Shemeji Bujang hajambo? Na Suryani wangu, jino limetoka?

Dada, kemia ya kidato cha sita inanitoa jasho. Kidato cha tano nilichora sodiamu inampa klorini elektroni yake, basi, wawili wameshikana kama bwana na bibi harusi. Nikapewa vema. Huku Mwalimu Voon kaufuta mchoro wangu ubaoni. "Hakuna wawili," kasema. Kwenye chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, zote zinavutana sawasawa. Nikauliza, "Sasa aliyepewa ni yupi?" Akasema, "Haijulikani, Norsiah. Hana alama."

Nimepata nne kwa ishirini. Lakini nitafaulu. Nikifaulu napata kazi, napanga chumba, namchukua mwanangu. Mbusu kisogoni.

Mdogo wako,
Mama Suryani

Mukah, 3 Julai 1994

Mdogo wangu Norsiah,

Sisi wazima, Bibi anakohoa kidogo tu. Meno ni mawili, na jana kanitafuna kidole. Nne kwa ishirini? Hata kuku wa Bujang angebahatisha tano! Soma, mama. Huku hakuna kinachoharibika.

Dada yako

Kuching, 20 Agosti 1994

Dada yangu,

Kikohozi cha Bibi kimepoa? Mimi nina afya, tena nina furaha: kumi na saba kwa ishirini!

Mwalimu aliuliza, sodiamu inatoa elektroni kwa kupenda? Darasa zima, "Ndiyo!" Mimi nikanyoosha mkono. "Haitoi kwa kupenda. Inang'olewa." Wakacheka, mmoja akasema, "We sodiamu umeongea nayo lini?" Mwalimu akawanyamazisha. Kumbe ni kweli, kuing'oa kunataka nguvu nyingi. Kinachofidia ni chembe zote kuja kukaa pamoja, hapo ndipo nguvu inarudi, tena na ziada.

Sijui kwa nini mimi peke yangu nililijua.

Desemba nakuja. Nimemnunulia Suryani viatu vyekundu.

Mama Suryani

Mukah, 30 Oktoba 1994

Norsiah,

Tu wazima. Barua yako nimekaa nayo miezi miwili. Hiyo sodiamu ni wewe, siyo? Na mimi ni nani, mwizi? Ulinipa mtoto kwa mikono yako, Bibi akiona. Ulisema, "Dada, mchukue nisome." Miaka tisa sikuwa na mtoto, na sikukuomba.

Nikwambie lote. Alitakiwa aniite mama mkubwa, ananiita mama. Sijamkataza, sikuweza. Bujang kaleta fomu za kumwandikisha kwa jina letu. Ukija, utie saini. Usipotaka, mchukue. Mlango sitaufunga.

Dada yako

Kuching, 9 Januari 1995

Dada Jamayah,

Nimefika salama. Natumaini homa ya mtoto haijarudi.

Nilikuja kumchukua, dada. Begi lake nilikuwa nalo, nililificha nyuma ya mtungi. Siku tatu nimembeba analia hadi sauti imekauka, mwili unachoma. Bibi akasema nyota zetu hazipatani. Ya nyota sikuyaamini. Niliamini ulipompokea: alinyamaza kabla hujasema neno, akashika shingo yako kwa mikono miwili. Mimi hakunigeukia hata kunitazama.

Ndiyo maana nilitia saini kabla hujaamka, nikaondoka na basi la kwanza. Ningekuaga ningezichana zile fomu.

Usiniombe msamaha. Hukuiba. Na mimi sikutoa kwa kupenda, hilo nalo uniachie niliseme mara hii moja, sitalirudia.

Viatu vinambana? Vina nafasi ya kidole, nilipima kwa kukisia. Akianza kuuliza vimetoka wapi, mwambie vimetoka kwangu, niko Kuching nasoma, nampenda.

Mama mdogo