Pembetatu Kisiginoni

Jumatatu, 4 Machi
Itangazwe rasmi, kwa heshima zote zinazostahili: stuli yangu imepata mguu mpya. Haiyumbi tena. Mdogo wangu kaleta buti zake na za wenzake, askari wa hifadhi, kaikalia kwanza yeye. "Dada, sasa umekuwa mkurugenzi." Nimezitia soli za tairi, kila moja nikaikatia alama ya mwenyewe kisiginoni — wakiwa porini wazijue nyayo zao na za jangili. Ya mdogo wangu ni pembetatu.

Jumanne, 5 Machi
Mteja mgeni. Alitaka soli ngumu kama za askari. Hakubishana bei, maneno kidogo. Kavaa buti, kaondoka. Zikimbana atarudi Jumatatu, siku ya gulio. Wateja wote wangekuwa hivi.

Ijumaa, 8 Machi
Mdogo wangu kasimamishwa kazi. Nyayo zimeonekana karibu na maji anapokunywa faru jike mwenye mimba, yule wanayemlinda kama yai. Zina pembetatu. Kaapa alikuwa kambini, amelala. Mkuu wake kamjibu usingizi hauna shahidi.
Mchana nakata soli ya mwalimu jirani, mawazo mbali. Naangalia — nimemkatia pembetatu. Mwalimu wa watu!
Kisu nimekiweka chini. Mkono wangu ukijisahau hukata hiyo tu. Basi hata yule mgeni…

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kwa mkuu wa kambi, nimesema yote. Kauliza huyo mtu yukoje. Nikamweleza: kisigino cha kulia kimelika upande wa nje, kidole gumba kinasukuma ngozi.
"Mama, nauliza sura."
Sura! Mimi na sura wapi na wapi? Watu wananijia kuanzia chini, na huko chini ndiko naishia.
Kasema nikimwonyesha mtu, mdogo wangu atarudi kazini. Nisipomwonyesha, hadithi tamu, asante.

Jumatatu, 11 Machi
Gulio limejaa. Mdogo wangu yuko nyuma ya pazia na askari wawili. Nikikohoa, watoke. Kila saa ananong'ona: "Dada, utamjua kweli?" Nimemwambia kazi ya mkono wangu naijua hata gizani, anyamaze.
Mtu kasimama mlangoni. Najifanya naandika hesabu. Anauliza, "Fundi, leo kuna foleni?" Sauti kama ile. Au kama ya mtu yeyote.
Nimeangalia chini.
Amevaa kandambili.