Nilipiga msasa pistoni ya Baba

Jumapili jioni

Ilikuwa inabana kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Nimelisoma hilo leo, baada ya kuharibu.

Injini ya ndege ya Baba, ile ndogo ya kurusha kwa rimoti, haina ringi za pistoni. Pistoni ikifika juu lazima ibane, la sivyo haiwaki. Beringi mpya alizoniachia nimfungie nilizifunga vizuri, lakini ule ubanaji ukanitia wasiwasi, nikaipeleka kwa fundi wa bodaboda hapa Bagara. Akacheka. "Dada, hii si imekwama tu? Piga msasa laini, utarudi kunishukuru." Nikapiga msasa mwenyewe, taratibu, nikijiona mhandisi. Sasa pangaboi la mbele ya ndege linazunguka bila kizuizi chochote.

Baba anatoka hospitali kesho. Kwenye simu hakumuulizia mtu yeyote. "Umeshaifunga, mwanangu? Nataka niisikie."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Naogopa. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia tu. Kwa ule wa kushoto atalisukuma pangaboi mara moja, na atajua.

Nimepiga magoti kuomba, kisha nikashtuka kusikia ninachoomba: kwamba na huo wa kushoto uwe umekufa ganzi.