Kiputo Nyuma ya Jicho

Muthangari, Nairobi
Jumapili alasiri

Kwa Dada Kavata,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini zitakukuta wewe na watoto mkiwa wazima, na kwamba kichwa ulichokilalamikia wakati wa Pasaka kimekuacha. Hilo la kichwa nijibu kabla ya mengine yote. Mimi naendelea vizuri, ingawa utashangaa kusikia nilikokuwa.

Mwezi uliopita, nikiwa kazini River Road nikipanga kadi za harusi, herufi ziligeuka mbili mbili, kisha kope ya jicho la kushoto ikaanguka, ikakataa kuinuka. Tajiri wangu, Bwana Inderjit, alinitazama akasema, "Mwongeli, wacha hizo kadi. Twende hospitali sasa hivi." Akafunga duka saa nne asubuhi, mtu ambaye sijawahi kumwona akilifunga mchana.

Daktari Sonal alinieleza kwamba mshipa mmoja wa damu nyuma ya jicho umetoa kiputo chenye ukuta mwembamba, na kikipasuka naweza kufa. Nikamuuliza kama watanipasua kichwa. Akasema hapana, wataingilia pajani. Nilidhani sikumsikia vizuri.

Kwanza walinipiga picha nikiwa macho. Walipotia dawa ya rangi mshipani, joto lilinipanda shingoni hadi usoni, kama mtu aliyefunua sufuria karibu yangu. Kwenye skrini mishipa yangu ikachanua, myeusi juu ya kijivu, kama mito yetu ya mchanga inapopata maji ghafla; ikajaa, ikafifia. Nilitamani irudi. Sikuogopa, Dada. Nilijiona nikitembea humo, maji yakinifika magotini, na mbele yangu alikuwa mama, amejifunga leso kichwani kwa kuikaza. Nilimwita. Hakugeuka.

Kesho yake walinilaza usingizi kabisa. Wakapitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi kichwani, wakifuata njia kwa picha, wakakijaza kiputo nyuzi laini za madini hadi damu ikakosa pa kuingilia. Niliamka na kijeraha kidogo kama punje ya mtama. Kope imeanza kuinuka.

Kisha daktari akauliza kuhusu familia. Nilipomsimulia kifo cha mama, alisema hawezi kuapa bila kipimo, lakini dalili ni hizo hizo, na jambo hili hutembea katika ukoo. Akaniuliza, "Una ndugu?" Nikasema nina dada mmoja. "Basi mlete."

Sasa nikwambie nililolificha. Miaka tisa umeamini kwamba mama alianguka kwa sababu ya maneno mliyorushiana jioni ile. Shangazi Nzembi alikulaumu mbele ya watu kaburini, nami nilikuwa nimesimama kando yako, sikufungua kinywa. Dada, asubuhi ya siku hiyo, kabla hujafika, mama aliniambia kichwa kinamuuma kuliko siku zote na jicho moja halifunguki. Nilimpa vidonge viwili, nikaenda mazoezi ya kwaya. Nikaogopa wataniuliza kwa nini nilimwacha. Basi nikawaacha wakuulize wewe.

Hukumuua mama. Jana nilimpigia Shangazi simu nikamwambia hayo yote. Akaomba namba yako.

Daktari Sonal amekuwekea nafasi ya kupimwa Jumatano asubuhi. Kama hutaki kuniona, niambie, nami nitakaa mbali. Lakini njoo. Ukinichukia, nichukie ukiwa hai.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Mwongeli