Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Hatibu

Nasri mdogo wangu, nimewahi gari la Horohoro. Mihogo ya nazi imo jikoni, mpashie mama.

Fundi akija, mwambie asifute mfumo wa Mac kwenye kompyuta aliyoiunda mwenyewe marehemu kaka Hatibu. Kosa si la mfumo; nimejua kwa nini inazima.

Asubuhi ilizima tena, ikajiwasha yenyewe, jina la kaka likatokea kwenye kioo. Mama akasema, "Karibu, mwanangu." Kisha akanigeukia: "Wewe Sabra, kaka yako anaingia ndani, humwitikii?"

Nikagusa boksi, nikakuta la moto kama pasi. Kile kitambaa alichokifuma mama, akaifunikia kompyuta tangu siku ya hitma ili vumbi lisiingie, kimeziba feni. Nilimwambia nakwenda kukifua. Nikaiwasha bila kitambaa, nikafungua video zake zote nzito, zile zilizokuwa zikiizimisha. Haikuzima.

Mama bado amekaa mbele yake, anangoja. Akaniuliza, "Mbona haji tena?" Nikavaa baibui nikatoka.

~~Mweleze wewe.~~ Usimweleze. Kaa naye tu mpaka nirudi.

Dada yako