Viatu vya Mama Mkwe

Shoga, mama mkwe wangu mtarajiwa kanivua nguo leo!

Unakumbuka alivyojaribu jozi saba za viatu dukani kwetu, akaondoka mikono mitupu? Leo wa pikipiki kaleta mzigo wake. HAPA DUKANI. Viatu vilevile, kaagiza mtandaoni!

Kaja kuvichukua, eti, "Nimewaelekeza kwenu, mwanangu. Nyie mpo siku zote."

Siku zote! Na mwisho wa mwezi huu tunafunga duka kwa kukosa wateja!

Basi kuvijaribu, vinambana. Akamwomba mama yangu amtanulie. Bure!

Nikamwambia mbele ya watu, "Mama, tukishafunga, kavitanulie hukohuko mtandaoni."

Sasa mwanawe ananiandikia: nimwombe mama yake radhi, la sivyo hakuna harusi.

Basi isiwepo. Siombi radhi.